MAUA YA HARUSI NA AMANA TULIYOPEWA



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyeumba mimea akaipa rangi na harufu mbalimbali. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji wa jarida letu, mwaka huu sisi wanafunzi watano wa darasa la juu, upande wa wasichana, tulitakiwa tuandike juu ya jambo lililotufunza nje ya darasa. Tulipotaja kuwa tutaandika habari za maua ya harusi, wenzetu walitucheka. Walidhani maua ni mambo ya kupoteza wakati. Tunaomba msomaji wetu uwe na subira, usome mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka dada yetu aliyekuwa akitufundisha alif na bee tulipokuwa wadogo hapa Kibaha. Alipochumbiwa, na harusi ikapangwa kufanyika mwezi wa Mfunguo Mosi, sisi tulifurahi kama ndugu wa tumbo moja. Baba yake alikwisha tangulia mbele ya haki, na mambo yote yalikuwa juu ya mama na kaka zake. Siku moja mama alituita, akatukalisha mkekani, akatoa bahasha iliyofungwa kwa uzi. Alisema, "Wanangu, humu mna shilingi 350,000. Ni fedha ya mihogo yangu ya msimu mzima. Mimi mambo ya mapambo ya siku hizi siyajui. Nitazamieni maua ya mwenzenu."

Hatukulala usiku ule kwa furaha. Tulijiita kamati ya maua. Tulichagua mweka hazina na mwandishi, tukagawana kazi. Jambo moja tu hatukulifanya, nalo tutalieleza mbele.

TULIVYOANZA VIBAYA

Katika mji mmoja ulio njiani tulimpata mpambaji. Alitupokea vizuri, akatuonyesha picha nyingi katika simu yake: majukwaa yaliyojaa mawaridi meupe, matao ya maua juu ya kiti cha bibi harusi, meza zenye mashada kila moja. Tukauliza kama mawaridi mia mbili meupe yanaweza kupatikana. Akasema inawezekana. Tukauliza kama yatafaa chini ya turubai, saa nne asubuhi, katika joto la Kibaha. Akasema inawezekana. Kila tulilouliza alijibu inawezekana, nasi tukaona huyu ndiye fundi. Tukampa kianzio cha shilingi 100,000. Hatukuomba risiti. Tuliona haya kumwomba mtu mzima risiti, na wahenga walikwisha tuambia kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Baada ya siku nne mwenzetu mmoja alimpigia simu kumwuliza mawaridi yatatoka wapi na yatatunzwaje. Alijibu kwa mkato, "Msiwe na wasiwasi. Maua fresh yakikosekana nitachomeka ya plastiki, na hakuna atakayejua."

Maneno hayo yalituamsha. Si kwamba maua ya plastiki ni haramu. Wapo watu wanaoyakodi kwa sababu hayanyauki na bei yake inajulikana, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kulipia kitu kimoja na kuletewa kingine, kwa hesabu kwamba mnunuzi hatatambua. Tulikwenda kudai fedha yetu. Mara ya kwanza hatukumkuta. Mara ya pili alisema fedha imekwisha ingia katika vitu. Mara ya tatu tulikwenda na kaka wa mmoja wetu, tukarudishiwa shilingi 60,000. Arobaini elfu ikapotea.

Hapa tunakiri kosa letu. Kwa wiki nzima tulimficha mama. Tulipita mbele ya nyumba yake kwa kuzunguka, na tukisikia sauti yake tunaharakisha mwendo. Mwishowe ustadha wetu alitugundua kwa jinsi tulivyokuwa tukinong'ona darasani. Hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu, "Ile ni fedha ya nani?" Jioni ile ile tulikwenda kwa mama, tukamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ametusamehe. Sisi tukamwambia tutailipa, kila mtu elfu nane. Akasema, "Basi lipeni, ili siku nyingine mkumbuke."

KWA NINI WARIDI LINATUSHINDA

Baada ya hapo tuliona tusiende tena kwa mtu bila ya kujua tunachokitafuta. Tuliuliza walimu na kusoma kidogo. Waridi lile refu la dukani ni ua la nchi za baridi ya milimani. Kwetu Tanzania hulimwa zaidi Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kwa majirani zetu Kenya hulimwa sana kando ya Ziwa Naivasha, mahali palipo juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya maua hayo husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, hasa Uholanzi. Ili likae siku nyingi, waridi likikatwa tu hutakiwa litiwe katika maji na liwekwe mahali pa baridi mpaka limfikie mnunuzi. Likifika, shina hukatwa tena kidogo kwa kulaza kisu, na majani yatakayozama majini huondolewa ili yasioze na kuharibu maji.

Sasa fikiri, msomaji. Kutoka Arusha hadi kwetu Pwani ni takriban kilomita 600 kwa barabara. Ua likisafiri usiku kucha ndani ya boksi, kisha likakaa chini ya turubai katika joto letu, bila maji, litakuwa na hali gani saa sita mchana? Anayejua kazi yake huweza kuyatunza, lakini kwa gharama, na gharama hiyo haikuwamo katika bahasha yetu. Mpambaji wa kweli angetuambia hayo siku ya kwanza.

SAFARI YA KISARAWE

Mama wa mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba kabla ya majukwaa, harusi za Pwani zilikuwa na maua yake: asumini, mrehani, kilua na waridi dogo la kienyeji. Akatuelekeza kwa bibi mmoja wa Kisarawe anayetunga vikuba. Kwa wasiojua, kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani yenye harufu nzuri, ambacho mwanamke hubandika kwenye nguo au huweka katika nywele.

Tulitoka Mailimoja asubuhi, tukabadilisha gari Mbezi na tena Gongo la Mboto, kisha gari likaanza kupanda vilima vya Pugu. Ilikuwa masika, na msitu ulikuwa na ukungu. Nyumba ya bibi haikuwa na kibao wala picha. Tulijua tumefika kwa harufu.

"Shikamoo bibi," tulisema wote.

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, piteni upande huu, msikanyage mirehani."

Tulimweleza haja yetu: asumini za kutosha, vikuba thelathini, na uzi mrefu wa maua wa kumzungushia bibi harusi nywele. Tulikwisha toa fedha mfukoni. Bibi hakuitazama. Aliuliza, "Shughuli yenyewe saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, bibi."

"Basi siwauzii."

Tulidhani tumemkosea. Akatwambia tukae, akatuchumia vitumba vitano vya asumini, vyeupe, vilivyofumba kama meno ya mtoto. Alituambia hivi: asumini huchumwa alasiri, ingali kitumba. Jua likizama ndipo inapofunguka, na usiku ndio wakati wake wa kunukia. Asubuhi huanza kulegea, na kukikucha sana hugeuka rangi na kudondoka. "Nikiwauzia kwa harusi ya saa nne," alisema, "mtachukua usiku maua mazuri, asubuhi mtamvisha mwali takataka. Ningeweza kupokea fedha yenu, nanyi msingejua mpaka siku yenyewe. Lakini mimi ningejua."

Tulitazamana. Wiki mbili nyuma mtu alituambia hakuna atakayejua, na huyu anatwambia yeye angejua.

Bibi hakutaka tumwamini kwa maneno. Alivifunga vile vitumba katika kitambaa chenye unyevu na jani la mgomba, akasema twende navyo tukavitazame wenyewe. Tulifanya hivyo. Baada ya Maghrib vilikuwa vimeanza kufunguka. Baada ya Isha chumba kizima kilinukia. Baada ya Alfajiri vilikuwa bado vizuri lakini vimelegea. Saa nne asubuhi viwili vilikuwa vimedondoka na vilivyobaki vina madoa ya kahawia kwenye kingo. Tuliandika yote katika daftari.

Kabla hatujaondoka alitufundisha mengine. Asumini, alisema, si ya huku tangu asili. Sisi tulikuja kusoma baadaye kwamba asili yake ni upande wa Bara Hindi, na ililetwa pwani zetu kwa njia ya bahari. Lakini mkilua ni wa kwetu hasa, huota katika pwani ya Tanzania na Kenya, na ni jamii moja na mstafeli na mtopetope. Wanasayansi wa mimea wameuita Mkilua fragrans, yaani wamelichukua jina letu la Kiswahili kama lilivyo. Tulipolisoma hilo tuliona fahari.

Mwisho bibi alituuliza swali ambalo lilitufanya tuiname. "Na mwenyewe bibi harusi anasemaje?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo jambo ambalo kamati yetu haikulifanya. Tulikuwa na mweka hazina na mwandishi, tulizunguka miji miwili, na hatukuwa tumemwuliza mwenye harusi.

ALIVYOSEMA DADA YETU

Tulipomwuliza, alicheka kwanza. Alisema hapendi jukwaa kubwa, kwa sababu anaona haya kukaa juu akitazamwa kama bidhaa. Kilua asiwekewe karibu, kwa kuwa harufu yake kali humletea maumivu ya kichwa. Anachokitaka ni asumini na mrehani. Marehemu bibi yake alikuwa akimwekea asumini chini ya mto kila usiku wa kuamkia Idi, na tangu afariki hakuna aliyemwekea tena. Kisha akasema, "Mimi sitaki maua ya kutazamwa. Nataka ya kunuswa."

Kumbe yale mawaridi mia mbili tulikuwa tukijichagulia sisi!

Ikabaki shida ya saa. Tulikwenda kwa ustadha, naye akazungumza na familia. Nikaha ikabaki msikitini Jumamosi asubuhi kama ilivyopangwa. Shughuli ya wanawake ikahamishwa, ikawa nyumbani baada ya Isha, wakati ambao asumini iko katika ubora wake. Ustadha pia alitukumbusha adabu ya jambo hili: vikuba ni pambo la kuvaliwa ndani, baina ya wanawake, na anayetoka kurudi kwake akipita mbele ya wanaume wasio maharimu wake avue kikuba chake. Hivyo tukaandaa na sinia mlangoni la kuviweka.

Alitueleza pia kuwa manukato katika ndoa si jambo geni. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alionekana na alama ya manukato ya rangi ya njano, na Mtume (S.A.W.) alipomwuliza, akasema ameoa. Mtume akamwombea baraka, akamwagiza afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na mrehani umetajwa katika Surat Ar-Rahman, aya ya 12. Tena imo hadithi katika Sahihi Muslim kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri.

SIKU YENYEWE

Mlango wa nyumba tuliupamba tangu asubuhi kwa makuti mabichi yaliyosukwa na matawi ya bogenvilia kutoka kwenye uzio wa jirani, kwa idhini yake. Vitu hivi hustahimili jua na havikutugharimu sana.

Saa nane mchana wawili wetu, pamoja na shangazi wa bibi harusi, walikuwa Kisarawe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na bibi alikataa kuchuma mpaka vitumba vikauke, maana asumini ikifungwa na maji ya mvua huwa nyeusi. Tulisubiri kwa wasiwasi mkubwa. Saa tisa na nusu akasema bismillahi, tukaanza. Huchumwa kwa kucha, pamoja na kikonyo chake, bila kuminya. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo, kitumba kimoja kikitazama kulia na kinachofuata kushoto, ili uzi ujae pande zote. Bibi na binti yake walitunga vitano wakati sisi tunatunga kimoja. Vikuba vilifungwa kwa mrehani katikati, asumini kuuzunguka na majani ya waridi. Kilua kiliwekwa katika vikuba sita tu vya wazee, waliotakiwa kukaa mbali na bibi harusi.

Tulipanga kila kitu katika kikapu kilichotandikwa jani la mgomba, juu kitambaa chenye unyevu. Bibi akatuonya tusifunike kwa mfuko wa nailoni, kwa sababu maua huvukuta na kuiva. Gongo la Mboto tulikutana na mvua na foleni. Kikapu tulikipakata kwa zamu kama mtoto mchanga. Kondakta alitaka kukilipisha nauli ya abiria, kisha akanusa, akatuachia.

Tulifika Kibaha adhana ya Isha imekwisha adhiniwa. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, na bibi harusi amekaa mkekani kwenye kanga mpya, hina mikononi. Tulipokifunua kile kitambaa, maua yalikuwa yamefunguka yote. Mazungumzo yalikatika. Mama ndiye aliyechukua uzi wa asumini, akamzungushia binti yake nywele, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Dada yetu alifumba macho, akavuta pumzi, na tukamwona akitokwa na machozi. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza.

HESABU

Kwa kuwa tulianza bila daftari, tulimaliza kwa daftari. Maua na kazi ya kutunga: shilingi 90,000. Nauli za safari zote: shilingi 22,000. Nyuzi, sindano na makuti: shilingi 8,000. Jumla shilingi 120,000. Siku ya pili tulimpelekea mama shilingi 190,000 pamoja na karatasi ya hesabu. Zile 40,000 zilizopotea tulizilipa baada ya wiki sita, kwa kuuza vitumbua siku za Ijumaa. Jumla zikamrudia shilingi 230,000. Mama aliongezea nyingine akamnunulia binti yake cherehani, na hivi sasa dada yetu anashona sare za madrasa yetu.

TULIYOJIFUNZA

Kwanza, kabla ya kumwuliza muuzaji, mwulize mwenye shughuli. Pili, makubaliano yaandikwe, hata kama unamwonea mtu haya. Tatu, kila ua lina nchi yake na saa yake, na anayelazimisha hupoteza fedha. Nne, ukiharibu amana ya mtu, mweleze mapema. Wiki ile tuliyojificha ilituumiza kuliko siku tuliyosema kweli. Tano, mtume wetu ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo baraka huondolewa. Hadithi hii tulikuwa tumeihifadhi tangu darasa la tatu. Kisarawe ndiko tulikoiona ikitendwa, na mtu aliyekuwa akiitenda hakuwa hata akiitaja.

Tulipokwenda kumshukuru, bibi alitupa vipandikizi vitatu vya asumini. Tumevipanda karibu na mahali pa kutawadhia, upande wa wasichana. Kimoja kimekufa, viwili vimeshika. Tunawaomba wadogo zetu wasichume vitumba mchana, wala wasivicheze. Anayetaka kujua harufu yake asubiri darasa la baada ya Maghrib.

Tunamwomba Allah (S.W.) aibariki ndoa ya dada yetu, ampe bibi wa Kisarawe afya na umri wenye kheri, na atujaalie sote kuwa wenye kutunza amana. Amin.